Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mkanda wa jeshi umekauka, maumivu yamebaki

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI
Mganga Mkuu wa Serikali
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

YAH: WAGONJWA WA MKANDA WA JESHI KUCHELEWESHEWA TIBA NA KUACHWA NA MAUMIVU YA KUDUMU

Mheshimiwa Waziri,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni mkazi wa Wilaya ya Chamwino, mtoto wa mama mkulima wa zabibu na mtama ambaye umri wake umevuka miaka 60. Mama yangu aliugua mkanda wa jeshi. Malengelenge yalikauka, magamba yakadondoka, ngozi ikabaki na makovu. Maumivu hayakuondoka. Sasa ni zaidi ya mwaka, na kila tukienda kutibiwa tunaambiwa jambo lilelile: "Mama, ugonjwa umeshaisha, mshukuru Mungu." Yeye hujibu tukiwa tumeshatoka nje: "Wananiambia nimepona. Kwani nani kawaambia?"

Kabla ya kuja hadharani nimepita njia zote za ndani. Nimezungumza na mganga mfawidhi, nimekwenda kwa kamati ya afya ya kituo, nimeandika barua halmashauri, nimetia karatasi kwenye sanduku la maoni. Nilijibiwa kwa heshima kwamba malalamiko yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Hiyo kazi sijaiona. Sitaji jina la zahanati, kituo wala hospitali, kwa sababu niliyoyaona kwa mama nimeyasikia pia kutoka kwa watu wa Bahi, Kongwa na Mpwapwa niliokaa nao kwenye mabenchi ya kusubiri. Nikitaja kituo kimoja atahamishwa mtumishi mmoja, na mambo yatabaki palepale.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Siku tatu za kwanza zinapotezwa

Mkanda wa jeshi unaletwa na kirusi kilekile cha tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni hupona, lakini kirusi hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye vinundu vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na kichwani, na kinaweza kukaa humo miaka 40 au 50 bila kumsumbua mtu. Kinga ya mwili ikishuka, iwe kwa uzee, kwa VVU, kwa saratani au kwa dawa zinazopunguza kinga, kinaamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana malengelenge hujipanga upande mmoja tu wa mwili. Kikipita humo, kinauumiza mshipa wenyewe.

Dawa ya kukizuia kisizidi kuzaliana ipo, nayo si ngeni nchini: vidonge vya asaikloviri. Zipo pia valasaikloviri na famsaikloviri. Masharti yake yanajulikana kwa kila aliyesomea udaktari: ianzwe mapema, ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Naomba nieleze saa 72 za mama yangu zilikwendaje.

Maumivu yalianza kabla ya kipele chochote, ubavu wa kushoto, chini ya titi mpaka mgongoni. Zahanati wakasema ni kichomi, akapewa amoksilini. Hapo simlaumu mtu. Maumivu ya ugonjwa huu hutangulia vipele kwa siku kadhaa, na hata daktari bingwa angeweza kufikiria mapafu. Malengelenge yalitoka Ijumaa. Tulirudi mchana uleule na mhudumu akautambua ugonjwa bila kusita, akautaja kwa jina. Kilichofuata ndicho ninachokilalamikia. Tuliambiwa turudi Jumatatu, kwa kuwa mtu wa kupima VVU hayupo na bila majibu hawawezi kuendelea. Jumatatu mama akapimwa, hakukutwa na maambukizi, akaandikiwa rufaa kwenda kituo cha afya. Basi la kwenda huko lilikuwa limeshaondoka alfajiri. Tulifika Jumanne.

Mheshimiwa Waziri, kuanzia Ijumaa mpaka Jumanne hakuna mtu aliyekosea utambuzi. Ugonjwa ulijulikana, dawa yake inajulikana, muda wake unajulikana, na mgonjwa alirudishwa nyumbani kusubiri. Wala haikutakiwa mtu aseme "muda umepita" na kukata tamaa, kwa sababu mgonjwa anayeendelea kutoa malengelenge mapya, mwenye kinga ndogo, au aliyeshikwa karibu na jicho anastahili kuanzishiwa dawa hata baada ya saa hizo.

2. Dawa inatolewa pungufu

Kituo cha afya tulipewa vitu viwili: tyubu ya krimu ya asaikloviri ya kupaka, na bahasha ya vidonge vya miligramu 200 iliyoandikwa 1x5, siku 7. Ndani vilikuwa vidonge 35.

Krimu ya kupaka haina kazi kwenye mkanda wa jeshi, maana kirusi kimo ndani ya mshipa. Na miligramu 200 mara tano kwa siku ni dozi ya malengelenge ya mdomoni au ya sehemu za siri, ambayo huletwa na kirusi kingine. Mtu mzima mwenye mkanda wa jeshi, ambaye figo zake ni nzima, hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Kwa vidonge vya miligramu 200 maana yake ni vinne kila anapomeza, 20 kwa siku, 140 kwa siku 7. Mama alipewa robo. Figo zikiwa na shida dozi hupunguzwa, na mgonjwa huambiwa anywe maji ya kutosha. Sisi hatukuulizwa habari ya figo wala hatukuambiwa habari ya maji. Mtoa dawa alisema wazi, kwa upole, kwamba anagawa alichonacho ili na wengine wapate.

Sitaki kutia chumvi. Asaikloviri ikianzwa mapema hufupisha siku za malengelenge na kupunguza ukali wa maumivu ya mwanzo. Kuhusu kuzuia maumivu yanayobaki miezi na miaka, tafiti hazijakubaliana, na sidai kwamba vidonge 140 vingehakikisha mama yangu yuko mzima leo. Ninachodai ni kwamba alistahili dozi kamili, kwa wakati, kama anavyostahili mgonjwa wa malaria au wa kifua kikuu. Hakuna anayempa mgonjwa wa malaria robo ya dawa ya mseto ili zilizobaki wapewe wengine.

3. Kipimo cha VVU kimegeuzwa mlango wa kupitia kwanza

Jambo hili ni zito katika vijiji vyetu, na naomba lisomwe kwa makini.

Ni kweli kwamba mkanda wa jeshi huwapata zaidi watu wenye VVU. Shirika la Afya Duniani huuhesabu miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizi. Ni sahihi kabisa mgonjwa ashauriwe kupima. Kama ana VVU, ajue mapema aanze dawa. Mtu mwenye VVU anapopata mkanda wa jeshi ndiye anayehitaji tiba ya haraka zaidi kuliko wote. Kwa hiyo simwelewi anayesema tusubiri majibu. Majibu yakiwa ndiyo, asaikloviri inahitajika. Yakiwa hapana, asaikloviri inahitajika. Kipimo hakibadilishi kidonge cha kwanza. Vyote viwili vinaweza kufanyika saa ileile, na kipimo kikikosekana siku hiyo, dawa isikosekane.

Utaratibu wa kutanguliza kipimo una madhara mengine ambayo watumishi wengi hawayaoni kwa sababu hawaishi kijijini. Mama yangu alirudi kutoka zahanati siku ya Ijumaa bila dawa, akiwa na maneno "rudi Jumatatu upimwe". Jioni ile kijiji kizima kilishajua. Mwanamke mjane, mwenye umri wake, kiongozi kwenye kwaya, akaanza kuangaliwa. Majibu yalipotoka hayakumsaidia, kwa kuwa majibu ni siri na uvumi si siri. Jirani mmoja, baba mtu mzima, alipotokwa na malengelenge hayohayo kifuani miezi michache baadaye, alikaa ndani na kujipaka majivu na dawa ya meno mpaka yakakauka yenyewe. Alimwambia mkewe ni bora aungue kuliko kuitwa chumba cha kupimia. Yeye naye ana maumivu mpaka leo.

Wapo pia wanaoambiwa wamerogwa, na wapo wanaoamini kwamba malengelenge yakizunguka mwili yakakutana mgonjwa hufa. Watu hawa huishia kwa waganga wa kienyeji siku zilezile tatu ambazo zina thamani. Lakini nasema kwa uhakika kwamba kwetu sisi hofu ya kuonekana imewachelewesha watu wengi kuliko uchawi.

4. Jicho

Malengelenge yakitokea paji la uso, kope au ncha ya pua, jicho liko hatarini na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona. Huyo si wa kupewa krimu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Ni wa kuanzishiwa vidonge hapohapo na kupelekwa kwa daktari wa macho siku ileile. Sina mengi ya kuongeza. Naomba tu iandikwe ukutani katika kila zahanati.

5. Maumivu yanayobaki hayatibiwi kwa sababu hayahesabiwi kuwa ugonjwa

Ngozi ikishapona, mgonjwa anayeendelea kuumwa zaidi ya miezi mitatu ana ugonjwa unaojitegemea. Mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa inaendelea kupeleka ishara za maumivu wakati hakuna tena kidonda. Ni miongoni mwa madhara yanayotokea mara nyingi zaidi baada ya mkanda wa jeshi: kati ya watu 100 wanaoupata, 10 hadi 18 hubaki na maumivu haya. Kadiri umri unavyosogea ndivyo hatari inavyokuwa kubwa, na waliopata maumivu makali na vipele vingi mwanzoni huathirika zaidi.

Naomba niyaeleze kama ninavyoyaona nyumbani, kwa sababu neno "maumivu" kwenye daftari la matibabu halisemi kitu.

Mama hawezi kuvaa blauzi yenye mshono wa pembeni. Tumezifumua zote ubavu wa kushoto. Kanga anaifunga kiunoni, haipandishi kifuani. Usiku chandarua kikimgusa mgongoni anaamka, kwa hiyo tumekitanua kwa fito ili kikae mbali naye. Mheshimiwa unakaa Dodoma, unaujua upepo wa hapa mwezi wa Saba. Upepo ule ukipuliza kupitia kitambaa chepesi, mama anauma meno. Mguso ambao mimi na wewe hatuusikii, kwake ni kuungua. Halafu eneo hilohilo ukilibonyeza kwa kidole kwa nguvu, anasema sehemu nyingine zimekufa ganzi. Ameniambia ni kama siafu wanaotembea chini ya ngozi, halafu mmoja anang'ata. Wakati wa kuvuna zabibu hawezi tena kubeba kreti ubavuni. Anakaa chini ya mwembe anachambua zilizooza, na hata hapo anachagua pa kukaa ili watoto wakikimbia wasimguse.

Kwa hali hii amepewa nini? Panadol. Sindano za diklofenaki, ambazo tumbo lake halizitaki. Vitamini B. Kwenye kitabu cha wagonjwa wa nje aliandikwa "maumivu ya misuli". Dawa za kawaida za maumivu husaidia kidogo sana kwenye maumivu ya mishipa ya fahamu, na hili si jambo jipya wala la siri.

Dawa zinazosaidia zinajulikana. Ya kwanza ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, na kupandishwa polepole. Nafuu huja baada ya wiki, wala si kesho yake. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, inaweza kuzuia mkojo na kumfanya mzee apepesuke na kuanguka, na mwenye matatizo ya moyo lazima aangaliwe kwanza. Kwa hiyo inahitaji mtu wa kumfuatilia mgonjwa. Ya pili ni gabapentini, na nyingine ya jamii yake ni pregabalini, ambazo nazo hupandishwa taratibu na hupunguzwa kwa wenye figo dhaifu. Zipo pia plasta za lidokaini na krimu ya kapsaisini, ile inayotokana na pilipili, za kubandika au kupaka juu ya ngozi iliyokwisha kufunga. Hakuna hata moja inayowafaa wote. Kwa gabapentini, takribani mgonjwa 1 kati ya 3 hupata nafuu kubwa. Lakini huyo mmoja anapata usingizi. Anavaa nguo. Anarudi shambani.

Mama alipata amitriptilini mara ya kwanza kutoka kwa daktari kijana wa mazoezi aliyemsikiliza kwa dakika kadhaa bila kuandika, na namshukuru hadharani ingawa simtaji. Tulipofika dirisha la dawa, mtoaji aliisoma akauliza kwa sauti, watu wakisikia: "Huyu mama ana tatizo la akili?" Hapa Dodoma, tulipo na Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili, swali hilo mtu hulisikia kwa namna moja tu. Mama alikataa kuimeza. Ilinichukua muda mrefu kumweleza kwamba dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili tofauti, na kwamba kwa dozi ndogo ile inatuliza mishipa. Kueleza huko ilikuwa kazi ya dirisha la dawa.

Alipoanza kuimeza alilala. Haikumaliza maumivu, lakini alilala. Kisha dawa ikaisha kituoni, na tangu hapo tunaitafuta maduka ya dawa ya mjini, kwa fedha yetu. Gabapentini tuliambiwa inaandikwa na daktari bingwa pekee, na bingwa yuko mjini.

6. Kinga ipo duniani, hapa haizungumzwi

Ninyi viongozi wa afya mnajua kuliko mimi kwamba njia iliyothibitika zaidi ya kuzuia maumivu haya ni kuzuia mkanda wa jeshi wenyewe, na chanjo ipo. Iliyo bora zaidi kwa sasa ni Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Ni sindano mbili, ya pili miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza. Haina kirusi hai, kwa hiyo hata mwenye kinga dhaifu anaweza kuchanjwa. Katika majaribio makubwa ilizuia ugonjwa kwa takribani asilimia 97 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, na takribani asilimia 90 kwa waliofikia miaka 70. Uingereza ilianza kuwachanja wazee wake dhidi ya mkanda wa jeshi mwaka 2013, wakati huo kwa chanjo ya zamani. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ambazo ugonjwa huu ni tatizo kubwa kwa afya ya jamii zifikirie kutumia chanjo hii ya dozi mbili.

Kwenye ratiba yetu ya taifa haimo, na wala ya tetekuwanga haimo. Najua bei yake ni kubwa. Sisemi ianze kesho kwa kila mzee. Nasema wananchi hatujawahi kuambiwa kama jambo hili limewahi hata kujadiliwa.

Mheshimiwa Waziri, najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa mengine nimeshapewa.

Nitaambiwa ugonjwa huu hauui. Ni kweli, kwa wengi hauui. Lakini mama aliyekuwa analisha wajukuu kwa shamba lake sasa analishwa, na baba jirani yangu amefikia kusema maneno ambayo familia yake haimwachi tena peke yake usiku. Wizara iliyotoa miongozo ya huduma za wagonjwa wasiopona haiwezi kusema maumivu si kazi yake.

Nitaambiwa bajeti ni finyu. Kuhusu chanjo naelewa. Kuhusu amitriptilini sikubali, kwa sababu ni miongoni mwa vidonge vya bei ya chini kabisa dukani. Na robo ya dozi ya asaikloviri pamoja na krimu isiyofanya kazi ni fedha ya umma iliyotumika bila faida. Ingeunganishwa ikanunua vidonge.

Nitaambiwa mwongozo wa taifa wa matibabu upo na kila kitu kimeandikwa humo. Inawezekana. Mimi naongelea kilichofika kwenye mkono wa mama.

Nitaambiwa hakuna mabingwa wa kutosha. Kazi ninayoiomba haihitaji bingwa. Inahitaji tabibu wa zahanati anayejua mambo matatu: anza dawa leo, toa dozi nzima, mwambie mgonjwa arudi hata kama ngozi imepona.

Na kama litakuja lile la chanjo kuhitaji majokofu na utaratibu mgumu, nakumbusha kwamba taifa hili lilianza kuwachanja mabinti chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2021 chanjo za UVIKO-19 zilifika mpaka vijijini kwetu. Shingrix huhifadhiwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, jokofu lilelile la chanjo za watoto.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe moja baada ya jingine.

Utolewe waraka kwa zahanati na vituo vyote kwamba mgonjwa wa mkanda wa jeshi aanzishiwe asaikloviri ya vidonge siku anayofika, na ushauri wa kupima VVU ufanyike sambamba, kwa faragha, bila kuwa sharti la tiba. Bohari ya Dawa ihakikishe vidonge hivyo vinafika ngazi ya zahanati kwa kiasi cha dozi kamili, na ikiwezekana vya miligramu 400 au 800, maana kumeza vidonge 20 kwa siku kunamshinda mzee. Krimu isitolewe tena kama tiba ya ugonjwa huu.

Kila mgonjwa aliyefikia miaka 50 apewe tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi mitatu, aulizwe swali moja: bado unaumwa? Akisema ndiyo, iandikwe hivyo kwenye MTUHA, vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, kwa jina la ugonjwa wenyewe, isiandikwe "misuli". Isipoandikwa, hakuna atakayeagiza dawa yake.

Amitriptilini ya dozi ndogo ipatikane vituo vya afya muda wote, na matabibu wafundishwe kuianzisha na kuipandisha. Hospitali za wilaya ziruhusiwe kuandika gabapentini bila kumsafirisha mgonjwa kumtafuta bingwa. Kaya yetu ililipa shilingi 30,000 za CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, na sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Dawa hizi ziwemo katika kitita cha mafao ya bima, dozi nzima. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha kisera, na dirisha lao lina bango. Dawa hizi ziwe nyuma ya dirisha hilo.

Watoa dawa waelekezwe kumweleza mgonjwa dawa yake kwa sauti ya watu wawili. Hili halina gharama yoyote.

Kuhusu chanjo, naomba kamati ya wataalamu wanaoishauri Wizara ipewe suala hili rasmi na maoni yake yatangazwe. Kama haiwezekani kwa wote, ifikiriwe kwanza kwa wanaoishi na VVU, wagonjwa wa saratani, wanaotumia dawa za kushusha kinga, na wazee. Mwenye uwezo wa kujilipia naye aambiwe ataipata wapi kihalali.

Na kwa wakati huu ambao chanjo haipo, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe ujumbe wa kupeleka nyumba kwa nyumba: maumivu ya upande mmoja yakifuatiwa na malengelenge, nenda zahanati leo, yafunike, usimsogelee mjamzito wala mtoto mchanga, kwa kuwa majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga asiyewahi kuipata, usipake majivu wala dawa ya meno.

Bunge la bajeti linakaa hapahapa Dodoma, kuanzia mwezi wa Nne. Naomba hotuba yako ya makadirio iwe na jibu la barua hii, hata kama ni aya moja. Kabla ya hapo, nipo tayari kufika Mtumba na mama yangu, siku na saa utakayopanga, akueleze mwenyewe. Atakuja na daftari lake la matibabu na ile bahasha iliyoandikwa 1x5.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtoto wa mgonjwa,
Wilaya ya Chamwino,
Dodoma.